Namba ya siri, SMS, programu ya namba au ufunguo wa siri: ipi ikufae kumtambua mtumiaji wa huduma yako?

Anayejenga huduma ya simu, iwe ya chama cha akiba na mikopo, ya zahanati au ya duka la mtandaoni, hulazimika kuamua mapema mfumo wake utajuaje kwamba anayeomba kuingia ndiye mwenye akaunti. Njia zinazoshindaniwa zaidi ni nne: namba ya siri inayoingizwa kwa USSD (menyu inayofunguka kwa kubonyeza nyota na reli, bila intaneti), namba ya mara moja inayotumwa kwa SMS, programu ya simu inayozalisha namba zinazobadilika, na ufunguo wa siri unaohifadhiwa ndani ya kifaa. Wapo watakaokuambia kwamba SMS imepitwa na wakati na anayeitumia ni mzembe, na wapo watakaokuambia kwamba kitu chochote kisichofanya kazi kwenye kitochi hakina nafasi Afrika Mashariki. Kauli zote mbili zina ukweli nusu, na makala haya yanaziweka njia hizo bega kwa bega ili mwenye kukwama aone nusu iliyobaki.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni cha usanifu: siri inayomtambulisha mtumiaji inakaa wapi, na ni nani wengine wanaoweza kuigusa? Inaweza kukaa ndani ya mtandao wa kampuni ya simu, kwenye seva yako, kwenye kifaa cha mtumiaji, au mahali zaidi ya pamoja, na kila mahali inapokaa ni mahali inapoweza kuibiwa. Cha pili ni hadaa, yaani kama tapeli anaweza kumshawishi mtumiaji aitoe siri hiyo kwa mdomo au aiandike kwenye tovuti ya bandia. Cha tatu ni aina ya simu na mtandao unaohitajika, na cha nne ni gharama, kwako na kwa mtumiaji.

Cha tano ni urejeshaji: simu ikiibwa leo mchana, mwenyewe atarudi vipi kwenye akaunti yake? Kigezo hiki nakipa uzito kuliko kinavyopewa kwa kawaida, kwa sababu mwizi hana haja ya kuhangaika na kufuli la mlango wa mbele ikiwa wa uani unafunguliwa kwa maelezo ya mdomo.

Namba ya siri kupitia USSD

Mtumiaji anapobonyeza *150*00# Tanzania au *334# Kenya ili kutumia M-Pesa, haguswi na habari za bando. Ombi lake hupanda mnara, hupita kwenye swichi ya kampuni ya simu na kufika kwenye lango la USSD, na lango hilo ndilo linaloongea na seva ya mtoa huduma. Wengi hudhani kwamba hapa ulinzi ni zile tarakimu nne peke yake, wakati ukweli ni kwamba ulinzi una sehemu mbili. Kabla ya menyu kufunguka, mtandao umekwisha kuihakiki laini: huipelekea namba ya bahati nasibu, laini huikokotoa kwa ufunguo uliomo ndani yake na kurudisha jibu, na ufunguo wenyewe hautoki kamwe kwenye kadi. Namba ya siri huja juu ya hapo.

Usanifu huo una nyufa mbili. Katika mitandao ya 2G, mtandao huihakiki laini lakini laini haiuhakiki mtandao, na ndiyo sababu mnara wa bandia unaweza kujifanya wa kweli. Kasoro hii ilirekebishwa kuanzia 3G, ambako pande zote mbili huhakikiana. Ufa wa pili ni kwamba usimbaji fiche wa mtandao, yaani kuufunga ujumbe usisomwe na wengine, hulinda kipande cha hewani tu, na baada ya hapo namba ya siri husafiri wazi ndani ya mitambo ya kampuni hadi langoni, isipokuwa wahusika wameongeza ulinzi wao wenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilikaa kwenye menyu iliyowekwa ndani ya laini, mpangilio unaowezesha ujumbe kusimbwa kwa funguo zilizomo kwenye laini kabla haujatoka kwenye simu, lakini mpangilio huo unamhitaji mwenye laini, yaani kampuni ya simu, na mjenzi mdogo hana njia ya kuupata bila ridhaa yake.

Kwa upande wa hadaa, namba ya siri ya kudumu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa ikishajulikana mara moja inabaki inajulikana hadi ibadilishwe. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000 tu, na kwenye simu nyingi tarakimu hizo huonekana wazi kwenye kioo wakati wa kuziandika katika USSD, jambo ambalo kila aliyewahi kupanga foleni kwenye kibanda cha wakala amelishuhudia bila kukusudia. Kinachookoa ni kwamba mwizi anahitaji laini pia.

Kwa vifaa, hakuna njia inayoishinda, kwani hata simu ya batani inatosha. Kwa gharama, mjenzi anahitaji namba fupi na makubaliano na kila kampuni ya simu, au kupitia msambazaji anayeziunganisha. Urejeshaji ni wa kurudishia laini dukani na kuthibitisha utambulisho kwa watu. Njia hii inamfaa mwenye watumiaji wengi wenye vitochi, wanaofanya miamala midogo na ambao namba zao hazibadilikibadiliki.

Namba ya mara moja kwa SMS

Hii ndiyo njia inayotukanwa zaidi na kutumiwa zaidi, na inastahili kuelezwa kwa kituo. Seva yako inatunga namba, kwa kawaida ya tarakimu sita, na kuikabidhi kwa kituo cha ujumbe mfupi. Kituo hicho huuliza rejista ya wateja wa kampuni ya simu kwamba namba hii sasa iko chini ya swichi ipi, kisha ujumbe hupelekwa huko. Mazungumzo hayo kati ya mitambo, hasa yanapovuka kampuni au nchi, kwa miaka mingi yamefanyika kwa itifaki za SS7, ambazo zilibuniwa wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana, kwa hiyo mtambo unaouliza hauombwi uthibitisho wa maana kwamba una haki ya kuuliza. Desemba 2014, katika mkutano wa wadukuzi uliofanyika Hamburg, watafiti Karsten Nohl na Tobias Engel walionyesha hadharani jinsi udhaifu huo unavyowezesha kufuatilia na kunasa mawasiliano. Mwaka 2017 kampuni ya O2 Ujerumani ilithibitisha kwamba wezi walikuwa wameutumia kugeuza njia ya SMS za benki na kutoa fedha za wateja. Mwaka huohuo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia ya SMS katika kundi la zinazotumika kwa masharti.

Hata hivyo, kwa mtumiaji wa kawaida hatari iliyo karibu haipo kwenye SS7 bali kwenye meza inakorudishiwa laini. Anayefanikiwa kujifanya wewe na kupewa laini mpya yenye namba yako anapokea SMS zako zote, na laini yako inazima. Januari 2024 akaunti ya tume ya masoko ya mitaji ya Marekani kwenye mtandao wa X ilitekwa kwa njia hii hii, ikatangaza habari ya uongo kuhusu bitcoin. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na kuanza kuzifungia zisizosajiliwa Januari 2020, hatua ambayo imepandisha gharama ya udanganyifu, ila haimzuii anayemwambia mteja aweke kidole mara ya pili kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma, kisha akasajili laini ya ziada kwa jina lake. Kubonyeza *106# mara kwa mara kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni tabia njema, huduma unayoitumia iwe yoyote.

Je, SMS haina maana basi? Utafiti ambao Google ilichapisha Mei 2019 ukiwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha New York na cha California, San Diego, ulionyesha kwamba namba ya SMS ilizuia asilimia 100 ya mashambulizi ya roboti, asilimia 96 ya hadaa za jumlajumla, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mahususi. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. Kutoka kwenye nenosiri peke yake kwenda SMS ni hatua kubwa mno. Lakini anayewindwa kwa jina lake, kama mhasibu, mwandishi wa habari au msimamizi wa mfumo, asiitegemee.

Kwa hadaa, namba ya SMS inaishi dakika chache, ambazo zinamtosha tapeli aliye upande wa pili wa simu akisema amekosea kutuma na anaomba umsomee tarakimu zilizoingia. Nchi ambayo kila mtu amewahi kupokea ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» haihitaji kuelezwa zaidi. Kwa vifaa, simu yoyote inafaa, ingawa ujumbe unaweza kuchelewa hadi namba imalize muda wake. Gharama ni kwa kila ujumbe, na hupanda watu waovu wanapoomba namba kwa maelfu ili kampuni fulani za simu zilipwe kwa ujumbe huo. Mtandao wa Twitter uliondoa SMS kwa wasiolipia Machi 2023 ukitaja matumizi mabaya ya namna hiyo. Urejeshaji wake ni rahisi kwa mtumiaji, kwa kuwa anarudishia laini na mambo yanaendelea, na urahisi huohuo ndio udhaifu wake. Inawafaa wenye watumiaji mchanganyiko, akaunti zisizobeba fedha nyingi, na hatua ya kwanza ya kusajili mteja.

Programu ya namba zinazobadilika

Hapa kampuni ya simu inatoka kabisa kwenye picha. Wakati wa kujisajili, seva na programu hupeana siri moja, kwa kawaida kwa kupiga picha ya msimbo wa QR. Baada ya hapo kila upande huikokotoa siri hiyo pamoja na saa, na kupata tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2011 kama kiwango cha wazi kiitwacho RFC 6238. Haihitaji mnara, bando wala salio kwenye simu inayozalisha namba, mradi saa ya simu iko sawa. Wizi wa laini hauna athari juu yake.

Udhaifu ni kwamba siri iko sehemu mbili, na mojawapo ni seva yako. Machi 2011 kampuni ya RSA, iliyotengeneza tokeni (vifaa vidogo) za namba zinazobadilika kwa ajili ya mashirika makubwa, ilitangaza kwamba imevamiwa, na baadaye ikalazimika kujitolea kubadilisha tokeni za wateja. Kwa hadaa, namba inaweza kuandikwa kwenye tovuti ya bandia kama ya SMS, na tovuti hiyo kuipitisha kwenye ya kweli papo hapo. Gharama kwa kila kuingia ni sifuri. Urejeshaji ndio unaowaliza wengi: simu ikipotea na namba za akiba hazikuandikwa mahali, mtu amefungiwa nje, ingawa programu ya Google imekuwa na uwezo wa kuhifadhi siri hizo kwenye akaunti tangu Aprili 2023. Inawafaa wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi wa vyuo na yeyote mwenye simujanja na nidhamu ya kutunza karatasi.

Ufunguo wa siri ndani ya kifaa

Njia hii, ambayo kwenye simu nyingi huitwa passkey, inaondoa kabisa siri ya pamoja. Simu hutengeneza jozi ya funguo. Ufunguo wa umma huenda kwenye seva yako, na wa faragha hubaki chini ya ulinzi wa kifaa. Wakati wa kuingia, seva hutuma namba ya bahati nasibu, mtumiaji huweka kidole au namba ya kufungulia simu, kifaa hutia saini, na seva huihakiki kwa ufunguo wa umma. Kidole chenyewe hakisafiri kwenda popote. Atakayeiba hifadhidata yako ataambulia funguo za umma, ambazo hazimpi uwezo wa kuingia. Kiwango kinachotumika kwenye vivinjari, WebAuthn, kilipitishwa rasmi Machi 2019, na Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitapanua matumizi yake.

Nguvu yake ya pekee iko kwenye hadaa. Ufunguo umefungamanishwa na anwani ya tovuti, na anayelinganisha anwani ni kivinjari, si jicho la binadamu lililochoka. Mwaka 2022 wafanyakazi wa kampuni mbili za Marekani walipokea SMS za aina moja zikiwataka waingie kwenye kurasa za bandia. Twilio ilidukuliwa. Cloudflare nayo ilikuwa na wafanyakazi watatu walioandika maneno yao ya siri kwenye ukurasa huo, lakini wezi hawakuingia, kwa kuwa kila mfanyakazi alipaswa kutumia ufunguo wa kuchomeka, yaani kifaa kidogo kinachobeba ufunguo wa faragha, ambao ulikataa kuitambua anwani ya bandia. Katika utafiti wa Google niliotaja, funguo za aina hiyo zilizuia asilimia 100 katika makundi yote matatu.

Kwa vifaa, inahitaji simujanja isiyo ya zamani sana: Android 9 kwenda juu, au iPhone yenye iOS 16 kwenda juu kwa funguo zinazohifadhiwa kwenye akaunti. Gharama kwa kila kuingia hakuna. Gharama ipo kwenye kazi ya mwanzo ya mjenzi na kwenye kuwaelimisha watumiaji.

Sasa urejeshaji, ambako hadithi inakuwa ndefu. Funguo hizi kwa kawaida huhifadhiwa na kusawazishwa kupitia akaunti ya Google au Apple, kwa hiyo anayepoteza simu huzirejesha kwa kuingia kwenye akaunti hiyo. Lakini ni wangapi wanaoijua akaunti yao ya Google? Simu inanunuliwa dukani, muuzaji anaiwasha, anafungua akaunti kwa jina la mteja au hata kwa jina analolitunga yeye, anaweka nenosiri analolijua yeye, na mteja anaondoka akiwa na WhatsApp inayofanya kazi. Simu hiyo ikipotea, ufunguo umepotea nayo. Na pale akaunti inaporejeshwa kwa SMS kwenye namba ya simu, tumerudi kwenye meza ya kurudishia laini tuliyodhani tumeikimbia.

Lipo pia suala la stationery, yaani duka la uchapaji lenye kompyuta. Watu wengi huomba mikopo ya masomo, ajira na vibali kupitia mhudumu wa stationery, ambaye huingia kwa niaba yao na mara nyingine hutunza maneno yao ya siri kwenye daftari la kaunta. SMS inaruhusu utaratibu huo, kwani mteja husoma namba na mhudumu huiandika. Ufunguo wa siri unaruhusu kuingia kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa kupiga picha msimbo wa QR kwa simu iliyo karibu yenye Bluetooth, jambo lililo salama zaidi, lakini linamtaka mwenye akaunti awepo yeye na simu yake. Kwa maoni yangu hiyo ni faida. Anayejenga huduma kwa wananchi ajue tu kwamba wengi wataiona usumbufu.

Njia ya tano inayochipukia

Tangu Februari 2023, chini ya mpango wa GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, uitwao Open Gateway, kampuni za simu zimekuwa zikifungua huduma ya kuthibitisha namba kimyakimya: programu huuliza mtandao kama data inayopita inatoka kwenye laini fulani, na mtumiaji haandiki chochote. Hakuna namba ya kusomewa tapeli, na hilo ni jema. Hata hivyo inafanya kazi simu ikiwa kwenye data ya laini yenyewe na si kwenye Wi-Fi, na laini ikiibwa nayo imeibwa. Huduma-dada yake, inayoeleza laini ilibadilishwa lini mara ya mwisho, naiona ya thamani kubwa zaidi kwa mazingira yetu, kwa sababu inaziba pengo la SMS na la USSD kwa pamoja.

Kulingana na hali yako

Ukiendesha chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi wana vitochi, USSD yenye namba ya siri ndiyo njia inayowafikia wote. Weka kikomo cha kiasi kwa siku, funga akaunti baada ya majaribio machache yaliyoshindikana, na kama kampuni ya simu inakupa taarifa ya laini iliyobadilishwa, zuia utoaji wa fedha kwa muda baada ya badiliko hilo.

Ukiwa na duka la mtandaoni au tovuti ya matokeo na ada za shule, anza na SMS kwa kusajili, kisha mpe mwenye simujanja nafasi ya kuongeza ufunguo wa siri kwa hiari. Andika ndani ya SMS yenyewe namba hiyo ni ya kazi gani, kwa mfano kutoa kiasi fulani kwenda kwa mtu fulani, ili anayeombwa aisome aone anachokiidhinisha.

Wafanyakazi wako ni habari nyingine. Anayeweza kubadilisha namba ya simu ya mteja au kuona salio za watu asitumie SMS kabisa. Mpe ufunguo wa kuchomeka au wa ndani ya simu, pamoja na wa pili wa akiba unaofungiwa ofisini. Ikishindikana, programu ya namba ni bora kuliko SMS.

Ukiwa na watumiaji walio Muscat, London au Minneapolis wanaotuma fedha nyumbani, kumbuka kwamba laini zao za Tanzania au Kenya mara nyingi zimezimwa au SMS hazivuki. Kwao programu ya namba au ufunguo wa siri ndiyo njia, na urejeshaji upitie barua pepe pamoja na kuhakiki kitambulisho kwa video.

Na ukiwa unachagua kwa ajili yako mwenyewe, huku huduma ikikupa SMS peke yake, iwashe. Kisha tafuta leo nenosiri la akaunti ya Google iliyomo kwenye simu yako, libadilishe kama lilitungwa na muuzaji, na uzime hiari ya 2G kwenye mipangilio ikiwa simu yako inairuhusu na unaishi mahali penye 4G. Kijijini ambako mnara ni wa 2G peke yake, iache.